Jenerali wa Kijerumani na Vita Vilivyofika Bonde la Ufa

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870 katika ukoo wa wanajeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima maasi ya Boxer. Miaka minne baadaye alikuwa kusini-magharibi mwa Afrika, msaidizi katika makao ya Lothar von Trotha, jenerali aliyewaangamiza Waherero. Huko akajeruhiwa jicho la kushoto. Wanaomsifu hawakawii sana kwenye sura hiyo ya maisha yake.

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam, luteni kanali, akashika jeshi la askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiozidi 300. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, hesabu yake haikuwa kuishinda Uingereza, bali kuishughulisha: kila kikosi kilichomsaka porini ni kikosi kilichopungua Ulaya. Shabaha ya karibu ilikuwa reli ya Uganda, inayopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kisha kuteremka Naivasha na Nakuru. Agosti 1914 watu wake waliiteka Taveta, na vikundi vidogo vikawa vikivuka nyika isiyo na maji kwenda kutega baruti relini upande wa Voi. Bonde la Ufa hawakulifikia. Hata hivyo walowezi wengi waliacha mashamba wakaenda Nairobi kujiandikisha, wengine na farasi wao, na Lord Delamere, mlowezi wa Soysambu, akatumwa kulinda mpaka upande wa Wamaasai.

Novemba mwaka huo Waingereza walishusha Tanga wanajeshi 8,000 hivi kutoka India. Lettow aliwakabili na watu kama 1,000, na nyuki waliochokozwa na risasi wakauma pande zote mbili. Wavamizi walirudi melini wakaacha bunduki 455, bombom 16 na risasi 600,000. Kwa mali hiyo ya adui alipigana muda mrefu.

Tangu Machi 1916 Jan Smuts, jenerali aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alimsukuma kusini. Dawa zilipokwisha, magome ya mkwinini yalichemshwa yakawa maji machungu ajabu, na wanajeshi wakayabandika jina la kamanda wao, kana kwamba ni pombe yake. Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya.

Sifa ya kutoshindwa ilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi. Majeshi yote mawili yaliwakusanya vijijini, mara nyingi kwa nguvu, na upande wa Waingereza peke yake waliokufa walizidi 40,000, wengi kwa kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Katika Bonde la Ufa vita viliacha mambo mawili zaidi: mpango wa 1919 wa kuwagawia wanajeshi wazungu mashamba katika nyanda za juu, na kipande, kitambulisho kilichotungiwa sheria 1915 na kuanza kuning'inizwa shingoni mwa vibarua vita vilipokwisha.

Lettow alipokewa Berlin kwa gwaride Machi 1919. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la Kapp la kupindua serikali, akapoteza kazi jeshini. Kati ya 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wahafidhina. Muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Pili alipewa cheo cha juu cha ujenerali, cha heshima tu, bila jeshi la kuongoza. Vita hivyo vilimchukulia wana wake wawili, na nyumba yake ya Bremen ikaharibiwa kwa mabomu.

Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam, akalakiwa na wazee waliokuwa askari wake. Alifariki Hamburg Machi 1964. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikubali kulipa malimbikizo ya mishahara ya askari hao. Inasimuliwa kwamba wengi walifika bila cheti chochote, kwa hiyo kila mmoja akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, hakuna aliyekosea.