Kwanza Hesabu ya Maji

Juma lililopita nilikuwa Tunduma, mkoani Songwe, pale malori yaendayo Zambia na Kongo yanapopanga foleni. Nilikuwa kibandani nakunywa chai, akapita kijana anasukuma mkokoteni wenye madumu 10 ya maji ya kuuza. Nikakumbuka mwaka 1994.

Aprili 28 na 29 mwaka ule, kwa muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Dunia ilikuwa haijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo Ngara haikugeuka makaburi. Chakula na wafanyakazi wa misaada walikuwapo karibu kwa ajili ya Warundi waliokimbia tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Ndadaye. Na pale Benaco walipopiga kambi palikuwa na bwawa.

Julai mambo yalikuwa mengine. Watu zaidi ya nusu milioni walimiminika Goma, nchini Zaire wakati ule, katika siku chache. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkeno. Huchimbi choo, huchimbi kaburi. Ziwa Kivu lilikuwapo, lakini watu walioga humo, wakajisaidia kandokando yake na kunywa maji yale yale. Julai 20 ikathibitishwa kuwa ni kipindupindu. Kikafuata kuhara damu. Maiti zilifungwa katika mikeka zikalazwa kando ya barabara, malori yakazizoa, na hesabu ya vifo ikawa ni hesabu ya malori. Katika mwezi mmoja zilizolewa zaidi ya 48,000.

Wataalamu wana kipimo chao. Katika watu 10,000, akifa mtu mmoja kwa siku, hiyo ni hali ya hatari. Goma walikufa kati ya 20 na 35.

Misaada ilikwenda, tena kwa ndege. Madaktari walishuka, dawa zikashushwa. Lakini mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa maji mwilini, na juma lile la kwanza maji safi yaliyopatikana hayakufika hata nusu lita kwa mtu kwa siku. Mimi nasema bila kuficha: aliyepaswa kutangulia ni fundi wa bomba na mtu mwenye daftari. Wako wangapi? Wanakunywa nini? Wanajisaidia wapi? Watoto wamechanjwa surua? Jana wamekufa wangapi? Maswali haya hayapendezi katika picha za televisheni, ndiyo maana huchelewa kuulizwa.

Aibu ya Goma ilizaa kitu. Mwaka 1997 mashirika ya misaada yalianza kuandika viwango vya pamoja, vinavyoitwa Sphere: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20.

Sasa turudi Tunduma. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka kwa siku kadhaa baada ya kugundua wagonjwa wengi wa korona Nakonde, ng'ambo tu pale. Mpaka ukifungwa, madereva na matingo hawayeyuki. Wanalala chini ya malori yao, na wao pia wanahitaji maji na choo kama mkimbizi yeyote.

Nikamwita yule kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nisaidie hesabu. Wakikwama hapa watu 10,000, kila mmoja lita 15, ni madumu mangapi ya lita 20?"

Akafikiri kidogo, akachora chini kwa kijiti. Ni madumu 7,500, yaani safari 750 za mkokoteni wake, kila siku.

Akautazama mkokoteni, akanitazama mimi.

"Mzee, na hayo nitayachota wapi?"