Myahudi ni nani? Kutoka Lubumbashi mpaka Mbale

Hapa Ibanda neno "Myahudi" halikosi midomoni. Wahubiri wanalitumia, vijana wanalirusha kwenye WhatsApp, na tangu vita iliporudi kuna wanaolitumia kama jiwe: jamii fulani ya Maziwa Makuu, wanasema, ni Waebrania, angalia pua, angalia kimo. Wengine wanajisifia, wengine wanachukia. Basi tuiangalie dini yenyewe, maana haipimi pua.

Kwa sheria yao ya zamani, Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi, ao yule aliyeingia dini hiyo mbele ya baraza la watu watatu. Zaidi ya hapo hakuna njia ya tatu.

Wanaamini Mungu ni mmoja, hana sanamu, hana mshirika. Hapo ndipo wanapoachana na Wakristo: kwao Yesu si Masiya, na Masiya bado anangojewa. Mungu huyo alifunga agano na Abrahamu, akatoa wazao wake utumwani Misri, akawapa Torati kwa mkono wa Musa. Wazee wao walihesabu humo amri 613, na nyingi zinagusa maisha ya kila siku: chakula, mizani ya sokoni, mshahara wa kibarua, mgeni anayekaa kati yenu. Hawazunguki mitaani kutafuta waumini. Mtu wa taifa lingine akishika amri chache za tangu wakati wa Noa, hizo zinamtosha mbele ya Mungu.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni habari ya hekalu. Sadaka zao zote zilitolewa Yerusalemu. Watu wa Babeli walilibomoa hekalu hilo, likajengwa tena, halafu Waroma wakalichoma mwaka wa 70. Taifa lingine lingepotea hapo. Walimu wao waliiondoa dini kwenye madhabahu wakaiweka kwenye kitabu na kwenye meza ya nyumbani. Kwa desturi ya zamani wanaume kumi wakikutana, hata kama ni katika chumba cha kupanga, sala ya pamoja inakamilika. Ijumaa jua likikaribia kuzama mama anawasha mishumaa, na kazi inasimama mpaka Jumamosi usiku. Lakini kama kuna maisha ya kuokoa, Sabato inavunjwa, na kuivunja ni lazima. Nyinyi mulio katika familia za mapokezi mutaelewa haraka kuliko mimi: dini hii ilijifunza kusafiri na mkimbizi.

Nayo ilisafiri mpaka inchini kwetu. Reli ilifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka wa 1910, na nyuma yake wakaja wafanyabiashara Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Babu zao walifukuzwa Hispania mwaka wa 1492, na nyumbani walikuwa bado wanasema Kihispania kile cha kale. Sinagogi yao ilikamilika mwaka wa 1930 na ingali imesimama. Rabi Moïse Levy, naye mzaliwa wa Rhodes, alifika 1937 akawahudumia zaidi ya miaka hamsini. Mwezi wa saba 1944 Wajerumani walikusanya Wayahudi waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika walikuwa kama 150 tu. Waliokuja Katanga kutafuta pesa wakajikuta ndio mabaki ya ukoo, na baadhi ya walionusurika waliwafuata huku.

Wengi waliondoka baada ya Mobutu kutaifisha biashara za wageni mwaka wa 1973. Lakini alama zimebaki. Baba ya Moïse Katumbi alikuwa Myahudi wa Rhodes, mama yake Mwafrika. Na kwa sheria ile ya zamani, upande wa baba hautoshi.

Njia ya pili, ya kuingia dini, mfano wake uko Uganda. Semei Kakungulu alikuwa jemadari aliyewasaidia Waingereza kutawala mashariki ya inchi hiyo, halafu akakosana nao. Alisoma Biblia kwa Kiganda, akaona agano la tohara halijafutwa popote, na mwaka wa 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake karibu na Mbale wanaitwa Abayudaya. Idi Amin alipiga dini yao marufuku. Waliomba kwa kujificha, na kutoka maelfu wakabaki mamia. Mwaka wa 2002 mamia kati yao walisimama mbele ya baraza la marabi. Gershom Sizomu alisomea Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka wa 2008, akarudi kufundisha, na mwaka wa 2016 akachaguliwa mbunge.

Si Wayahudi wote wanaowakubali, hata Israeli kwenyewe. Ubishi huo ni wa karatasi: baraza gani lilikaa, na ni rabi gani aliyetia sahihi.