Fangasi wa Puani na Njia ya Maji ya Ziwa Victoria

Maji ya Ziwa Victoria hutokea Jinja, hupita Uganda na Sudan Kusini, yakafika Khartoum. Historia ya kuainisha magonjwa ya fangasi wa pua na sainasi (mashimo ya hewa kuzunguka pua) katika ukanda huu imefuata karibu njia hiyohiyo. Mgonjwa anayepanda leo kilima cha hospitali ya Bugando jijini Mwanza, pua imeziba upande mmoja na jicho limeanza kutokeza, anapimwa kwa mpangilio ambao sehemu yake ilijengwa kandokando ya maji hayo.

Mwaka 1964, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyekwisha kueleza saratani ya taya ya watoto, alichapisha pamoja na Wilson na Jelliffe taarifa ya wagonjwa 31 wa Uganda. Walikuwa na uvimbe chini ya ngozi, mgumu kama ubao. Aliyeuleta ni Basidiobolus, fangasi anayepatikana pia matumboni mwa vyura na mijusi. Mwaka uliofuata, huko Jamaica, ndugu yake Conidiobolus alitambuliwa kwa binadamu. Huyu huanzia puani, kisha huvimbisha pua, mashavu na mdomo wa juu.

Kwa miaka mingi ndugu hao wawili waliwekwa kapu moja na mukori, fangasi anayeweza kuua kwa siku chache. Kuwachanganya hivyo kulikuwa hatari. Uvimbe wa Basidiobolus na Conidiobolus huenda polepole, na wagonjwa wengi walitibiwa kwa dawa ya kunywa ya potasiamu aiodaidi. Mgonjwa wa mukori, ambaye mara nyingi ana kisukari kisichodhibitiwa, anahitaji upasuaji wa haraka na dawa ya amfoterisini.

Khartoum nayo ilileta jambo jipya. Mwaka 1969 Milosev na wenzake walieleza Wasudani 17 wenye Aspergillus kwenye sainasi. Kinga ya mwili wa wagonjwa wa aina hii kwa kawaida huwa nzima, lakini uvimbe husogea taratibu hadi kwenye tundu la jicho. Mwaka 1983 Katzenstein, Mmarekani, akaonyesha sura nyingine: fangasi yumo ndani ya kamasi nzito, nyama hajaigusa, na kinachomsumbua mgonjwa ni mzio.

Ndipo mwaka 1997 deShazo na wenzake wakapanga yote kwa swali moja: je, fangasi ameingia ndani ya nyama? Kama hajaingia, ni mzio au donge la fangasi lililojikusanya ndani ya sainasi. Kama ameingia, ugonjwa ni wa ghafla, wa muda mrefu, au ule wa vinundu uliojulikana sana kutoka Sudan. Jopo la kimataifa lililoongozwa na Chakrabarti wa India liliupitia mpangilio huo mwaka 2009 na kuuacha usimame. India yenyewe ilikuja kuuhitaji mno mwaka 2021, mukori alipowapata watu zaidi ya 40,000, wengi wao wagonjwa wa UVIKO-19 wenye kisukari au waliopewa steroidi.

Swali la deShazo halijibiwi kwa kutazama pua kwa tochi. Linajibiwa kwa kipande cha nyama chini ya hadubini, na Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu 1971, ndiko vipande hivyo hupelekwa. Mkazi wa Kanda ya Ziwa ambaye pua yake imeziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au inatoa damu, asiendelee kununua vidonge dukani: aende hospitali, aseme kama ana kisukari, na aulize kama kipande kimepelekwa maabara.