MOLA NA ULIMWENGU: DAMU ILIYOMWAGIKA ACEH



Ndugu zangu katika imani, kuna neno halikosi kurudi katika baraza zetu: kwamba kwa kuwa hakuna aliyepo kwa hakika ila Allah, basi Yeye na ulimwengu huu ni kitu kimoja. Mwingine hulisema kwa mapenzi akitoka kwenye dhikri. Na mwenzake akilisikia, kabla hata hajauliza maana yake, ameshamtoa katika Uislamu. Leo nataka nikupeleke mahali ambapo watu waliuawa kwa neno hili.

Kwanza tujue lilikotoka. Muhyiddin Ibn Arabi alizaliwa Murcia, Andalusi, mwaka 1165, akafariki Damascus mwaka 1240. Alifundisha kwamba kuwepo kwa kweli ni kwa Allah peke yake, na viumbe ni kama kivuli: kinaonekana, lakini hakisimami chenyewe. Waliokuja baada yake wakayaita mafundisho hayo wahdatul wujud, yaani umoja wa kuwepo. Maulamaa wakagawanyika. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliyapinga kwa ukali. Imamu Suyuti, aliyefariki 1505, akaandika kitabu kizima kumtetea Ibn Arabi. Hawa wote ni watu wa kibla.

Sasa twende Sumatra, kaskazini kabisa, kwenye usultani wa Aceh. Watu wake ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, kama sisi wa Pwani. Huko alikuwako mshairi Hamzah Fansuri, nisba ya bandari ya Fansur, ile iliyosifika kwa kafuri (naam, kafuri hii hii tunayowatilia maiti wetu). Hamzah alieleza mafundisho ya Ibn Arabi kwa lugha ya Kimalay, akipiga mfano wa bahari na mawimbi. Baada yake Sheikh Shamsuddin wa Sumatra akashika njia hiyo hiyo, naye alikuwa sheikh wa Sultani Iskandar Muda mwenyewe. Akafariki mwaka 1630.

Mwaka 1637 akafika Aceh Sheikh Nuruddin ar-Raniri, mzaliwa wa Ranir huko Gujarat, wa ukoo wenye asili ya Hadhramaut. Sultani alikuwa mwingine, Iskandar Thani, naye akamkubali. Usidhani Raniri alikuwa adui wa tasawwuf. Alikuwa mtu wa tarika. Lakini alipowasikia wafuasi wa Shamsuddin akaona wamefika pa kusema ulimwengu ni Mungu na Mungu ni ulimwengu. Akatoa fatwa kwamba ni ukafiri. Vitabu vikachomwa moto, na waliokataa kutubu wakauawa.

Tusimame hapa kidogo. Katika asili ya jambo, mimi niko na Raniri: Muumba si kiumbe. Qur'ani inatufundisha kwamba hakuna chochote mfano wake. Bahari na wimbi ni maji yale yale, na ndiyo maana mfano huo ni wa hatari kwa mtu wa kawaida. Kama ulimwengu ndio Mungu, basi anayesujudia jiwe amemsujudia nani? Na dhalimu na aliyedhulumiwa, nani amshitakie nani? Sharia yote inaporomoka. Lakini kusema kiumbe hakina uwezo wa kuwepo hata nukta moja bila Mola wake, hilo ni neno jingine kabisa, na hakuna Muislamu anayelikataa. Sasa aliyechinjwa Aceh alikusudia lipi kati ya mawili haya? Hapo ndipo penye uzito wote.

Raniri hakudumu. Mwaka 1643, katika zama za Sultana Safiyyatuddin, alirejea mwanachuoni aitwaye Saiful Rijal, akasimama kuwatetea waliouawa. Wakajadiliana hadharani. Malkia akasema suala hili si la ujuzi wake, akawaachia wakuu wa nchi. Mwaka uliofuata Raniri alikuwa ameshapanda jahazi kurudi Ranir, na huko alifariki mwaka 1658.

Swali la Aceh likavuka bahari hadi Madina, kwa Sheikh Ibrahim al-Kurani: mtu amehukumiwa ukafiri, naye akasema maneno yake hayakufahamika, lakini akauawa, ni sawa? Jibu la Sheikh lilikuwa kwamba kumuua lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu neno lenye kubeba tafsiri nyingine halimtoi mtu katika dini.

Mwanafunzi wa al-Kurani alikuwa Mwacheh, Abdurrauf as-Sinkili, aliyesoma Bara Arabu miaka 19 akarudi kwao mwaka 1661. Na yeye alifundisha wazi kwamba Mola na viumbe ni mbali mbali. Wala hakumchoma mtu. Aliwakumbusha watu hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Akaandika tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kimalay, ya kwanza kwa lugha hiyo, akawa mufti chini ya malkia. Alifariki mwaka 1693, akazikwa karibu na mlango wa mto, na mpaka leo Waacheh wanamwita Syiah Kuala, Sheikh wa Mlango wa Mto. Chuo kikuu chao kimepewa jina hilo.

Wallahu a'lam.