Sanamu za Pwani ya Ubelgiji

Msomaji, ukiitazama ramani ya Ulaya utaona kwamba nchi ya Ubelgiji ina kipande kidogo tu cha pwani. Kutoka mpaka wa Ufaransa hadi mpaka wa Uholanzi ni kama kilomita 67, mwendo usiofika hata ule wa kutoka Mombasa hadi Malindi. Usitazamie kuona huko minazi wala mikoko. Utaona mchanga wa kijivu, vilima vya mchanga vyenye nyasi ngumu, na ukuta mrefu wa kuzuia maji ambao juu yake watu hutembea jioni. Nyuma ya ukuta huo yamesimama majumba marefu ya kupangisha wageni. Bahari yenyewe, iitwayo Bahari ya Kaskazini, mara nyingi ina rangi ya chuma.

Miji yote ya pwani hiyo imeunganishwa na tramu, yaani gari la umeme lipitalo juu ya reli kandokando ya barabara. Sehemu ya kwanza ya njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, alitangaziwa milki yake ya Kongo. Yashike mambo hayo mawili pamoja, kwani tutakutana nayo tena njiani. Mtu mwenye siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, aweza kuipita pwani nzima kwa tramu hiyo, akishuka na kupanda apendavyo. Na kama ni mtu wa kupenda kazi za wachongaji, hatahitaji kuingia ndani ya jumba lolote.

Tangu mwaka 2003, kila baada ya miaka mitatu, miji hii hushirikiana kufanya maonyesho ya sanaa yaitwayo Beaufort. Jina hilo ni la kipimo cha nguvu za upepo, chenye daraja 0 hadi 12, kilichotungwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Wachongaji hualikwa kutoka nchi mbalimbali, na kazi zao huwekwa ufukweni, vilimani na katika viwanja vya miji, mahali ambapo mvua, chumvi na watoto huweza kuzifikia. Maonyesho yakwishapo, baadhi ya kazi hizo hubaki papo hapo. Nakiri kwamba si zote zinipendezazo. Nyingine zaonekana kama kwamba fundi aliondoka kabla ya kumaliza. Lakini sanamu hizi mpya zimesimama kati ya sanamu za zamani, na ni kule kukaribiana kwao ndiko kulikonifanya niandike habari hizi.

Basi tuanze Jumamosi asubuhi katika mji wa De Panne, karibu na Ufaransa. Hapo pana ukumbusho uliojengwa mwaka 1958 kwa ajili ya Leopold wa Kwanza, ambaye aliingia nchini kwa njia hiyo mwezi wa Julai 1831 kuja kuwa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji. Hatuna haja ya kukaa sana.

Katika mji wa Nieuwpoort yafaa tushuke. Mwezi wa Oktoba 1914, majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakikaribia, Wabelgiji waliifungua milango ya maji ya mji huo wakati bahari ilipojaa, wakaifunga wakati ilipokupwa, usiku baada ya usiku, mpaka bonde la mto Yser likageuka ziwa na adui akashindwa kupita. Hapo hapo, tangu mwaka 1938, imesimama sanamu ya Mfalme Albert wa Kwanza akiwa juu ya farasi, katikati ya duara kubwa la nguzo. Mwendo mfupi kutoka hapo, ufukweni, yupo mpanda mnyama mwingine: mtu wa shaba ameketi juu ya kobe mkubwa mno anayeng'aa kama dhahabu, akielekea baharini. Kazi hiyo ya Jan Fabre iliwekwa katika maonyesho ya mwaka 2003. Inaitwa kutafuta Utopia, yaani ile nchi njema isiyokuwako popote, ambayo Thomas More aliielezea katika kitabu kilichochapishwa mara ya kwanza mjini Leuven, Ubelgiji, mwaka 1516.

Mwaka 2018 mchongaji kutoka Denmark, Nina Beier, alileta Nieuwpoort sanamu kadhaa za shaba za watu waliopanda farasi, za namna ile ambayo tumezoea kuiona katika viwanja vya miji mikuu. Hakuzisimamisha juu ya jukwaa. Aliziweka chini, ufukweni, mahali pafikwapo na maji. Bahari ilipokupwa, mashujaa hao walionekana wazima. Ilipojaa, maji yaliwapanda kidogo kidogo, farasi kwanza, kisha mpandaji. Hawakuwa na majina. Sisi watu wa pwani, tunaojua bamvua ni nini, twaweza kuielewa kazi hiyo bila ya kufundishwa.

Alasiri tutafika Ostend, mji mkubwa kuliko yote ya pwani hii. Wageni wengi hupiga picha mbele ya vipande vikubwa vya chuma vyenye rangi nyekundu kama ya chungwa lililoiva sana, kama masanduku yaliyogongwa na mawimbi, kazi ya Arne Quinze ya mwaka 2012. Wako waliozichukia, na wako waliozipenda. Sisi tuendelee mbele kidogo kwenye ukuta wa bahari, hadi kwenye barabara yenye paa na nguzo ambayo Leopold wa Pili aliijenga kati ya mwaka 1902 na 1906 ili wageni wake watembee bila kunyeshewa. Hapo ndipo alipo mfalme mwenyewe, juu ya farasi, akiitazama bahari. Sanamu hiyo ni kazi ya Alfred Courtens, nayo ilizinduliwa mwaka 1931, miaka 22 baada ya mfalme kufa. Chini yake yako makundi mawili ya watu wa shaba. Upande mmoja ni wavuvi wa Ostend wanaomheshimu. Upande wa pili ni watu wa Kongo, na maandishi yaeleza kwamba wanamshukuru Leopold kwa kuwakomboa kutoka utumwa wa Waarabu.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha ya sanamu hii. Mmoja akauliza, "Mwalimu, je, maneno haya ni ya uongo?" Kabla sijajibu, mwingine, mzaliwa wa pwani, akasema kwa fahari kwamba hao walioitwa Waarabu walikuwa Tippu Tip na watu wake, Waswahili wenzetu, waliopigana na Wazungu. Darasa likacheka. Kengele ikalia nami sikujibu siku ile, na hata kama isingelia nadhani ningepata shida. Sasa nitajaribu.

Tippu Tip, jina lake hasa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alizaliwa Unguja akafa huko mwaka 1905. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani hadi mashariki ya Kongo, na miji ya Kasongo na Nyangwe ilikuwa mikononi mwa watu wake. Habari zake hatukuzipata kwa Wazungu peke yao. Aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hicho kimechapishwa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ukikisoma utaona jinsi anavyohesabu pembe kwa frasila, na jinsi anavyotaja vita na vijiji vilivyoshindwa kwa utulivu wa mfanyabiashara afungaye hesabu zake. Kwa hiyo utumwa ule ulikuwako, nao ulitendwa na watu wasemao lugha hii unayoisoma. Mwanafunzi wangu wa pwani hakuwa na haki ya kujivuna.

Lakini yapo ambayo sanamu haisemi. Mwaka 1887, kwa mapatano yaliyofanywa Unguja, Leopold mwenyewe alimweka Tippu Tip kuwa wali wake wa Stanley Falls, karibu na Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliyeitwa mnyang'anyi baadaye alikuwa kwanza mtumishi wa mfalme. Vita vilipozuka mwaka 1892, kati ya majeshi ya Leopold na Sefu, mwana wa Tippu Tip, jambo lililogombewa lilikuwa pembe za ndovu na njia zake, si utumwa peke yake. Kisha ikaja zamani ya mpira. Watu walilazimishwa kuutafuta msituni, na vijiji vilivyokosa kutimiza kiasi viliadhibiwa kwa risasi. Askari walitakiwa kuleta mkono wa kuume kwa kila risasi waliyoitumia, ili ithibitike kwamba haikupotea bure. Na mikono mingine ilikatwa kwa watu walio hai. Mambo hayo yalielezwa na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold aliondolewa milki hiyo, nayo ikawa koloni la Ubelgiji. Hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja.

Mwaka 2004 kikundi kimoja cha watu wa Ostend kilikata kwa msumeno mkono wa Mkongo mmoja katika lile kundi la shaba. Walisema wangeurudisha kama mji ungekubali kuweka hapo maelezo ya kweli. Baadaye kibao cha maelezo kiliwekwa, lakini mkono haukuunganishwa tena. Mimi sipendi kuharibiwa kwa kazi ya fundi, na ningemwadhibu mwanafunzi atakayefanya hivyo shuleni. Hata hivyo nakiri kwamba tangu siku ile sanamu hiyo husema kweli kuliko ilivyosema katika miaka 73 iliyotangulia.

Jumapili tutashuka Blankenberge. Hapo, juu ya ukuta wa bahari, pana ukumbusho uliosimamishwa mwaka 1900, kazi ya Guillaume Charlier, kwa ajili ya Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. De Bruyne alikuwa mzaliwa wa mji huo. Wote wawili walikuwa Kasongo vita vilipoanza, wakashikwa mateka na watu wa Sefu. Inasimuliwa kwamba De Bruyne aliletwa ukingoni mwa mto ili azungumze na maafisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia ajitupe majini aogelee, nao watamlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa kuwa Lippens alikuwa mgonjwa kule Kasongo naye hakutaka kumwacha peke yake. Akarudi. Mwezi wa Desemba 1892 wote wawili wakauawa.

Hapa, msomaji, ndipo ninaposimama kwa muda mrefu kuliko mbele ya mfalme. Kijana yule alikuwa na miaka 24 tu, na alilolitenda ni tendo la uaminifu, hata kama bwana aliyemtumikia hakuustahili. Ukumbusho wake ulisimamishwa wakati mikono ilipokuwa ikikatwa, nao uliwasaidia watu wengi kuamini kwamba vita vile vilikuwa vya haki. Mambo yote mawili ni kweli, wala sioni njia ya kulifuta moja kwa ajili ya jingine. Watu wa Maniema waliokufa pande zote mbili, wapagazi, askari na wanawake waliotekwa, hawana jiwe lolote kwenye ukuta huo. Sefu naye alikufa mwaka 1893. Kasongo ungaliko, na watu wake wasema Kiswahili mpaka leo.

Kutoka Blankenberge tramu huendelea hadi Knokke, mwisho wa njia. Jumapili jioni hujaa watoto wenye mchanga miguuni, wanaorudi nyumbani kujitayarisha kwa shule.