Kipimo cha MRI na saratani ya matiti: Ni nani anayekihitaji?

Saratani ya matiti huwapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Miongoni mwa njia za kuugundua mapema ni MRI, yaani upigaji picha kwa nguvu za sumaku.

Kinavyofanya kazi

Sumaku ya mashine hiyo, yenye nguvu nyingi mno, hupanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio huzivuruga, na zinaporejea katika hali yake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Hakuna mionzi ya eksirei.

Mwanamke hulala kifudifudi na kudungwa mshipani dawa yenye gadolini. Kwa kuwa uvimbe wa saratani hujijengea mishipa mipya ya damu inayovuja, dawa hiyo hujikusanya humo haraka, na uvimbe hung'aa pichani ungali mdogo.

Kinamfaa nani?

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha wanawake 1,909 walio katika hatari kubwa kutokana na historia ya familia au jeni za kurithi. MRI iligundua asilimia 79.5 ya saratani zilizokuwa zimeanza kupenya, mamografia asilimia 33.3, na uchunguzi wa mikono asilimia 17.9. Hata hivyo, takriban vipimo 10 vya MRI kati ya 100 vya wanawake wasio wagonjwa vilizua shaka bure, ikilinganishwa na 5 vya mamografia.

Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Saratani la Marekani lilipendekeza MRI ya kila mwaka, pamoja na mamografia, kwa walio katika hatari kubwa pekee. Hao ni kama wenye jeni za BRCA1 au BRCA2 zilizoharibika, na waliotibiwa kwa mionzi kifuani wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 30.

Kwa wengine, mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 unapendekeza mamografia kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, kisha kila baada ya miaka miwili hadi 74.

Tahadhari

Kishushe, Kaunti ya Taita Taveta, hujulikana kwa madini yake ya chuma. Aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni au mwilini sharti amweleze mhudumu kabla ya kuikaribia mashine, sawa na aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Wajawazito na wenye maradhi ya figo pia waseme mapema.

Pa kuanzia

Mashine za MRI hupatikana hasa katika hospitali kubwa za miji kama Mombasa na Nairobi. Mwanamke wa Kishushe aliyeona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, asingoje kipimo hicho. Aende kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi apewe rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Picha huonyesha shaka tu. Kipande cha nyama ya uvimbe kikipimwa maabarani ndicho huthibitisha saratani.