Mustafa Kemal: mwanajeshi aliyevua gwanda

Haya wadau, wiki hii hosteli nzima ni mjadala mmoja tu. Tangu semina ya historia ya juzi watu wamegawanyika. Kuna wanaosema nchi ikioza dawa yake ni mwanajeshi mmoja mkali, na kuna wanaosema mwanajeshi akishaingia ikulu hatoki. Cha ajabu, pande zote mbili zinamtaja mtu yule yule kama ushahidi: Mustafa Kemal wa Uturuki. Nimeshinda maktaba siku mbili, basi nawamegea nilichokipata, maana kule koridoni anayesikilizwa ni mwenye sauti kubwa.

Tuanzie mwaka 1918. Dola ya Uthmaniya ilishindwa Vita Kuu ya Kwanza ikiwa upande wa Ujerumani. Meli za kivita za washindi zikatia nanga Istanbul, na Sultani akawa kama mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mei 1919 jeshi la Ugiriki likashuka Izmir. Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei, Mustafa Kemal alifika Samsun, pwani ya Bahari Nyeusi. Huyu ni kamanda aliyejipatia jina mwaka 1915 kwa kuwazuia Waingereza na wenzao Gallipoli. Serikali ya Sultani ilimtuma akatulize mambo kama mkaguzi wa jeshi. Yeye akaanza kuunganisha upinzani.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunaparuka. Julai 1919 Istanbul ilipomtaka arudi, alijiuzulu jeshi. Akabaki raia, hana cheo wala kikosi cha kuamuru kisheria. Uhalali akautafuta kwenye mikutano ya wajumbe, kwanza Erzurum, kisha Sivas, na tarehe 23 Aprili 1920 Bunge Kuu likafunguliwa Ankara. Bunge lile halikuwa la kupiga makofi tu. Agosti 1921, Wagiriki wakiwa wanaisogelea Ankara, lilimpa madaraka ya amiri jeshi mkuu kwa miezi 3 tu, tena baada ya mabishano. Hebu fikiria, adui yuko njiani na wabunge bado wanabishana kuhusu mipaka ya madaraka! Akashinda kwenye mto Sakarya, na Septemba 1922 Izmir ikakombolewa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Usultani ulifutwa Novemba 1922. Mkataba wa Lausanne ukatiwa saini Julai 1923, na Jamhuri ikatangazwa tarehe 29 Oktoba 1923. Tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa ukafutwa, na siku hiyo hiyo shule zote zikawekwa chini ya wizara moja. Mwaka 1926 ikaja sheria mpya ya kiraia iliyochukuliwa Uswisi, ndoa ya wake wengi ikapigwa marufuku. Wanawake walipata haki ya kupiga kura ya bunge mwaka 1934, miaka 10 kabla ya wenzao wa Ufaransa.

Lakini badiliko lililoingia mpaka chumbani kwa kila mtu ni la herufi. Novemba 1928 sheria iliamuru Kituruki kiandikwe kwa herufi za Kilatini badala ya za Kiarabu. Magazeti yalipewa mwezi mmoja tu kuhama, vitabu miezi miwili. Rais mwenyewe alizunguka mikoani akifundisha ubaoni. Matokeo yapo: sensa ya 1927 ilionyesha kama mtu 1 kati ya 10 ndiye aliyejua kusoma, na ya 1935 ikaonyesha kama 1 kati ya 5. Ila upande wa pili, mzee msomi alilala anajua kusoma, akaamka hajui. Wajukuu wakashindwa kusoma barua za babu zao. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana hilo. Lugha yetu nayo iliandikwa kwa hati za Kiarabu karne kadhaa, na leo ni wangapi kati yetu wanaoweza kusoma miswada ile? Tofauti ni kwamba kwetu wamisionari na wakoloni ndio walioleta mabadiliko, kule aliyeamuru ni mwenyeji.

Na je, nani angempinga? Mwaka 1924 makamanda waliokuwa pia wabunge walitakiwa kuchagua, kambi au bunge. Wazo zuri kabisa. Ila wenzake wa vitani kama Kazım Karabekir walipochagua bunge na kuanzisha chama cha upinzani Novemba mwaka huo, chama kilifungwa Juni 1925 kwa kisingizio cha uasi wa Sheikh Said kwenye maeneo ya Wakurdi. Mwaka 1930 alimwomba rafiki yake Fethi aanzishe chama kingine. Watu wakamiminika, serikali ikaingiwa na hofu, na miezi 3 baadaye chama hakipo. Alipofariki tarehe 10 Novemba 1938, chama kilikuwa kimoja.

Kwa hiyo mimi nasema kambi zote mbili za hosteli zimekosea njia. Huyu bwana hakuiokoa nchi kwa ukali peke yake. Aliiokoa akiwa na bunge lililoweza kumwambia hapana. Tatizo lilianza alipowaondoa wenye kusema hapana. Akatenganisha sare na siasa, lakini hakuacha wapinzani waliozoea kuilinda katiba, na jeshi likajipa kazi hiyo. Likapindua serikali mwaka 1960, na Waziri Mkuu Adnan Menderes akanyongwa mwaka uliofuata. Likaingilia tena 1971, likapindua tena 1980.

Kwa hiyo ndugu yangu unayemngoja mwanajeshi mkali, usiishie kuuliza atajenga nini. Uliza pia ni nani atakayeruhusiwa kumkatalia. Haya, uwanja ni wenu, mnasemaje?